Neno Halikutoka Kisimani

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, na herufi P imeanza saa nne na robo. Mkurugenzi alitaka kuifungua kwa hotuba. Nikamwambia herufi hazizinduliwi kama barabara, tukae tufanye kazi. Akacheka, akakaa. Nilimfundisha zamani, kwa hiyo bado ananiita Mwalimu na bado anakaa nikimwambia akae, ingawa ofisi ni yake na mimi ni mwandishi mwandamizi tu, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu mwenye ulimi ambao umeshanipotezea kazi tatu.

Nitaandika humu msimu wote wa mvua. Ukiisha, kamusi inakwenda mtamboni, na nataka kukumbuka nani alisema nini. Kitabu kikishatoka watu husahau upesi walichokuwa wakikipinga.

Kamusi yenyewe ni ya Kiingereza kwa Kiswahili, na inaeleza asili ya kila neno. Jopo ni la watu saba, na pembeni anakaa msahihishaji asiyepiga kura. Tuko ghorofa ya pili, juu ya chumba cha mpanga kurasa. Kompyuta ziko huko chini kwake, lakini hakiingii humo kitu ambacho hakijapita kwenye kadi. Kila neno lina kadi, kila kadi ina herufi za jina la aliyeiandika, na kanuni ya nne inasema kadi haifutwi na mtu yeyote isipokuwa mwenyewe, kwa mkono wake, kwa wino wa kijani, mbele ya jopo. Kanuni hiyo niliipigania mimi. Mkurugenzi aliyetangulia alikuwa akichana kadi za watu kila akigombana na mkewe.

Jumatano, 6 Machi

Kutoka 'pace' hadi 'parable'. Hakuna aliyegombana. Siku ya hasara.

Jumatatu, 11 Machi

Mkurugenzi amechagua neno la ukurasa wa mfano, ule utakaobandikwa mjini na kupelekwa mashuleni kabla kamusi haijatoka. Neno ni 'puissance'. Waingereza wenyewe hulitumia kwa nadra. Siku hizi linasikika zaidi kwenye mashindano ya farasi wanaoruka ukuta mrefu. Maana yake ni nguvu, uwezo, enzi. Kadi yake ni yangu, na maelezo ya asili yake yametoka kwenye makala niliyoiandika miaka ishirini na miwili iliyopita.

Wakati ule mwenye kiwanja alikuwa amezungushia ukuta kisima cha mtaa mzima na kuweka mlinzi. Niliandika kwamba mabwana wa Ulaya hawakuficha siri yao: neno lao la enzi lilizaliwa na 'puits', neno la Kifaransa la kisima, kwa hiyo aliyeshika maji ndiye aliyeshika watu. Wiki iliyofuata watu waliandamana na ndoo zilizopakwa rangi, zimeandikwa NGUVU NI KISIMA. Ukuta ulivunjwa. Hadi leo kuna watu wanaonisimamisha njiani kunitajia sentensi ile.

Picha yangu itakaa juu ya ukurasa. Nimewaambia waweke ile ambayo sijacheka.

Ijumaa, 15 Machi

Leo nimemkata mtu kauli mbele ya jopo zima, na nimefurahia.

Msahihishaji wetu tunamwita Padri. Alikaa seminari miaka sita, akatoka, akaoa, ana watoto wanne, na jina limemganda. Husema polepole kama anayeogopa kuamsha mtoto. Leo ameinua mkono, akaniita kwa jina ninaloitwa na ofisi nzima.

"Samahani, Shangazi. Asili hii ya neno umeitoa wapi?"

"Kichwani kwangu. Kina nafasi ya kutosha."

Watu wakacheka. Hakushusha mkono.

"Maana naona halitoki kisimani. 'Puits' inatokana na 'puteus' ya Kilatini, shimo la maji. Hili linatokana na 'posse', kuweza. Ni maneno mawili, Shangazi. Yamefanana kwa nje tu, kama watu wasiojuana waliokutana njiani wamevaa shati moja."

Nikaona jopo linanitazama. Nilihisi joto likinipanda shingoni, na mimi joto hilo nikishalipata silipotezi bure.

"Padri," nikasema, "Kilatini ulikiacha pamoja na kanzu. Ungekuwa unakijua wangekubakiza."

Kicheko kikalipuka. Mzee wa nahau, anayekaa karibu na dirisha, alipiga meza mpaka kadi zikaruka. Padri akafunika kalamu yake.

"Sawa, Shangazi. Nimesema tu isije ikachapwa."

Mkurugenzi aliandika kitu kwenye daftari lake. Sikuona ni nini.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua kutwa. Kiti cha Padri kitupu. Sikuuliza.

Jumatano, 20 Machi

Niandike hili kabla sijapata maneno mazuri ya kulifunika.

Leo nimefungua vitabu. Padri hakuwa amenitia shaka hata kidogo, nilitaka kumkomesha. Nilitaka kesho niingie na vitabu vitatu nimpigilie misumari. Cha kwanza kikasema: 'puissance', kutoka Kifaransa cha kale, kutoka 'posse', kuweza. Cha pili kikasema hivyo hivyo. Cha tatu kikaongeza la kunichoma: kwamba hata 'power', neno la kila siku ambalo kila mtoto wa shule analijua, limetoka mle mle. Ni ndugu wa damu. Kisima hakimo hata kwa mbali.

Ukweli ni kwamba miaka ile nilikuwa na kitabu kimoja tu cha kujifunzia Kifaransa, jalada limeng'oka. Kwenye orodha ya maneno palikuwa na picha ya kisima na mwanamke ameinama juu yake. Mstari mmoja juu ya neno hilo: 'puissance'. Nikayaona yamekaa pamoja, nikayaozesha. Sikumwuliza mtu. Nilikuwa na hasira ya haki, na mwenye hasira ya haki huona kila kitu kinamuunga mkono, hata mpangilio wa alfabeti.

Miaka yote hii nimewapigia kelele wanasiasa wanaosema bila kuangalia. Niliwahi kuandika kwamba uongo wenye nia njema ni uongo uliooga tu. Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nimesimama pale, nimeshaoga.

Ijumaa, 22 Machi

Nimejaribu kujiokoa. Wataalamu wanasema ndani ya 'posse' mna 'potis', na ndugu zake katika lugha nyingine za kale ni maneno ya bwana na mume. Nikaandika kurasa mbili kali: kwamba basi bado ni habari ya kumiliki, kwamba nilikosea kisima lakini sikumkosea mwenye kisima. Nikazisoma kwa sauti jikoni. Mama alikuwa anachambua mchele.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama. Unaonaje?"

"Ulipokuwa na miaka sita ulivunja kikombe changu. Nilipoingia nilikukuta umesimama, unakigombeza kikombe."

"Sasa hiyo inahusiana vipi?"

"Mimi Kilatini sikijui. Nimekumbuka kikombe tu."

Nimezichana zote mbili.

Jumatano, 27 Machi

Nimeshuka stoo kutafuta kadi za zamani, nikamkuta Padri kati ya maboksi. Maji yameingia huko, na yeye amefunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta, anaanika kadi zilizolowa kwa vibanio vya nguo.

"Kwani umehamia huku?"

"Nimehamishwa. Tangu Jumatatu ya wiki iliyopita."

"Kwa kosa gani?"

"Barua inasema nimewavunjia heshima waandishi waandamizi. Mkataba wangu unaisha tarehe 31 Mei, na hautaongezwa." Akageuza kadi upande wa pili, taratibu, kama anageuza mkate kwenye moto. "Nilidhani wewe ndiye uliyeomba."

"Mimi?"

"Ningedhani nani mwingine, Shangazi?"

Nilikuwa na la kumwambia. Nikasema, "Hizo zitakauka lini?" Kisha nikapanda ngazi. Sijawahi kujidharau hivyo, na nimewahi kufanya kazi serikalini.

Jumatatu, 1 Aprili

Asubuhi nimekwenda kwenye droo ya P na kalamu ya kijani mkononi. Kadi haipo. Nikaingia kwa Mkurugenzi bila kubisha hodi.

"Nataka kufuta kadi yangu."

"Ipi, Mwalimu?"

"Unaijua."

Akatazama kabati la chuma nyuma yake. "Iko salama."

"Kanuni ya nne."

"Kanuni ya nne inasema mwenye kadi ndiye anayeifuta. Haisemi Mkurugenzi analazimika kuitoa kabatini."

Nilimfundisha vizuri mno, shetani huyu.

"Neno lile halitoki kisimani," nikamwambia. "Nilikosea."

"Nilisikia. Nikaenda nikasoma, najua. Lakini Mwalimu, kosa lile si lako peke yako tena. Limeshakuwa mali ya watu."

"Basi watu waambiwe mali yao ni ya bandia."

Akasimama, akazunguka meza, akainamisha kichwa mbele yangu kama mtoto anayekaguliwa chawa. Akakunja sikio mbele. Nyuma yake pana kovu refu kama njiti ya kiberiti.

"Hili nililipata kwenye ukuta wa kile kisima. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimebeba ndoo yenye neno lako. Mlinzi alinipiga na rungu mpaka nikaona giza. Leo unataka nimwambie yule kijana kwamba alipigwa kwa ajili ya kosa la kamusi?"

Siku zote nilimwona mtu huyu ni mpambe, ananipepea kwa sababu jina langu linauza. Kumbe anaamini. Na muumini ni mgumu kuliko mpambe, kwa kuwa mpambe unaweza kumtafutia bwana mwingine.

"Na Padri?" nikauliza.

"Alikuvunjia heshima."

"Alinisahihisha. Tulimwajiri anisahihishe. Mlangoni kwake pameandikwa hivyo."

"Kuna namna ya kusema na mkubwa."

"Yeye alisema kwa namna. Niliyejibu bila namna ni mimi."

Akarudi kitini, akachukua simu ambayo haikuwa imeita.

Nikashuka stoo. Safari hii sikuuliza habari za kadi. Nikamwambia Padri kwamba yeye yuko sahihi, mimi nimekosea, na maneno niliyomtupia yalikuwa ya mtu mwoga.

"Najua, Shangazi," akasema. "Hebu nishikie kamba upande huo."

Ijumaa, 5 Aprili

Ukurasa wa mfano umebandikwa mjini. Nimejiona ukutani mara tatu kabla ya chakula cha mchana. Mvua haitaki kunifuta.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimetumia kanuni ya saba. Inasema kadi mbili zikipingana, jopo husikiliza zote na kupiga kura. Nikaandika kadi mpya ya 'puissance', asili yake 'posse', nikaweka herufi za jina langu. Kwa hiyo leo Shangazi amesimama kumpinga Shangazi.

"Tumwamini yupi?" akauliza mzee wa nahau.

"Wa leo."

"Wa zamani alikuwa na sauti zaidi."

"Wa zamani hakuwa amefungua kitabu!"

"Lakini alivunja ukuta," akasema mwandishi wa herufi T, dada mpole ambaye sijawahi kumsikia akibisha. "Wewe wa leo umevunja nini?"

Nikawasomea vitabu vitatu. Nikawaonyesha mwaka, ukurasa, mstari. Walitikisa vichwa kwa huruma, kama wanaomsikiliza mgonjwa akisema mgeni asiyeonekana ameingia chumbani. Kura sita kwa moja. Kadi ya zamani imebaki. Nimeshinda kwa kishindo, na aliyeshindwa ni mimi.

"Shangazi amechoka," mzee wa nahau akasema kwa upole. "Apewe likizo fupi."

"Nitapumzika nikifa," nikamwambia, "na hata huko nitapinga mtakachoandika kaburini."

Walidhani natania.

Ijumaa, 19 Aprili

Gazeti limetoa makala yangu. Mhariri alinipigia mara mbili kuuliza kama nina homa. Kichwa chake: "Nilikosea, na Msinitetee." Nanakili kipande, kwa sababu nilikiandika nikiwa nimesimama:

"Mwandishi huyu, yaani mimi, alikuta maneno mawili yamekaa jirani akayaita ndugu. Hakuuliza. Alipendwa, na kupendwa kukamzuia kuuliza miaka ishirini na miwili. Alipotokea mtu mmoja aliyeuliza kwa niaba yake, alimdhihaki mbele ya watu. Mtu huyo sasa anaanika karatasi stoo na mwishoni mwa Mei atafukuzwa, kwa kosa la kujua kazi yake. Mnaoipenda ile sentensi yangu ya zamani, ipendeni kama mnavyopenda wimbo. Lakini msiiweke kwenye kamusi. Kamusi ni mahali ambapo maskini anayejisomea peke yake, asiye na mwalimu wa kumwuliza, anakwenda akiamini hatadanganywa."

Jumatatu, 22 Aprili

Barua kumi na saba. Kumi na sita zinasema nimenunuliwa. Moja inauliza bei.

Alhamisi, 25 Aprili

Mkabala na ofisi kuna fundi cherehani, mwanamke wa umri wangu, mwili mkubwa, tepu shingoni mchana kutwa. Leo mvua imenisukumiza barazani kwake.

"Ndiwe mwandishi wa kisima?"

"Ndiye mimi. Kama unataka kunitukana, panga foleni."

"Mimi nilikuwepo," akasema, mguu haujaacha kukanyaga cherehani. "Siku ya ukuta. Nilikuwa mstari wa mbele na mimba ya miezi saba."

Nikaona sasa ndiyo hukumu yenyewe. Nikamwambia nimekosea, kwamba neno lile halikuwa na uhusiano wowote na kisima, kwamba niliwapeleka mbele ya marungu kwa kitu ambacho sikukichunguza. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa. Kisha akakata uzi kwa meno.

"Dada, wewe ulifikiri tuliandamana kwa sababu ya Kifaransa?"

"Ndoo ziliandikwa..."

"Ndoo ziliandikwa na vijana wa chuo. Walikuja na rangi, sisi tukawaachia wapake, maana walikuwa wanajisikia vizuri. Sisi tulikuwa na kiu. Wiki mbili tulikuwa tunanunua maji ya yule bwana kwa kidumu. Jumapili tukakaa wanawake tisa tukasema, hivi ukuta wenyewe una unene gani? Mmoja akasema, tofali moja. Tukasema, basi tunauweza." Akaichomoa nguo, akaikagua mshono. "Gazeti lako nililiona baadaye. Nilifungia vitunguu."

Nimecheka mpaka amenivutia kiti. Miaka ishirini na miwili nimebeba maandamano yale mgongoni kama yangu. Kumbe wanawake tisa walipima unene wa ukuta wakaona wanauweza. Kama kuna mtu aliyelijua lile neno pale mtaani, ni wao, na hawakuwahi kulisoma popote.

Jumatatu, 29 Aprili

Nimemweleza Mkurugenzi habari za wanawake tisa. Amesema, "Huyo fundi amesahau." Nikamwambia yeye ndiye aliyepakwa rangi, kama zile ndoo. Ameniomba nitoke.

Jumatatu, 6 Mei

Mkurugenzi ameniita. Chai mezani, biskuti kwenye sahani, mlango umefungwa. Nikajua nauziwa kitu.

"Mwalimu, tumalize. Nakupa moja katika mawili. Ukitaka, nalifungua kabati unafuta kadi yako, neno linachapwa unavyotaka. Lakini Padri anaondoka, ili watu wasione kwamba kila mtu anaweza kuinuka na kumvua mkubwa nguo. Au Padri anarudi kwenye kiti chake na mkataba wake, na neno linabaki lilivyo, wewe huandiki tena gazetini. Neno au mtu. Chagua."

"Umenifikiria sana."

"Nimekufikiria kuliko unavyojifikiria."

Nikala biskuti. Nilihitaji muda, na biskuti ilikuwa ngumu. Nikichukua neno, mtu mwenye watoto wanne atakosa kazi kwa sababu mimi nilitaka kicheko cha dakika moja. Nikimchukua mtu, nitamrudisha kwenye kiti cha msahihishaji katika nyumba ambayo kosa linalojulikana linachapwa kwa makusudi. Atakuwa anasahihisha nini, nukta?

"Sichagui," nikasema.

"Basi unapoteza vyote."

"Tutaona."

Jumatano, 8 Mei

Mvua imepungua. Kutoka 'rabbit' hadi 'ravine'. Nimepiga kura kwenye kila kadi kama mtu mwema. Wamepumua.

Jumatatu, 20 Mei

Mkono unauma. Niandike polepole.

Nimeingia saa mbili asubuhi, jopo zima limekaa. Nikavuta droo ya kwanza kabisa, ya A, nikaiweka mezani. Kwenye kamusi hii kadi elfu kumi na moja ni zangu. Ni zaidi ya theluthi. Nikachomoa yangu ya kwanza, nikaisoma kwa sauti, neno, maana, asili. Nikauliza kama kuna anayeipinga. Hakuna. Nikafungua kalamu ya kijani, nikapiga mstari kutoka pembe hadi pembe, nikatia sahihi.

"Shangazi, hiyo ilikuwa sahihi!" dada wa T akasema.

"Sahihi kabisa."

Nikachukua ya pili. 'Abandon'. Ya tatu. Ya nne. Kila moja naisoma, naipitisha, naifuta. Kadi ya 'abbey' niliitafuta wiki nzima mwaka ule mama alipolazwa. Niliimalizia kwenye benchi la hospitali. Nilipoipiga mstari kalamu iliteleza.

Mzee wa nahau akasimama. "Umerukwa na akili?"

"Kanuni ya nne. Mwenyewe, kwa mkono wake, kwa wino wa kijani, mbele ya jopo. Nyinyi ndio jopo. Kama kadi yangu ya uongo haifutiki, sina sababu ya kuwa na za kweli. Msomaji atazitofautisha vipi? Zote zina herufi za jina langu."

Mtu akakimbia kumwita Mkurugenzi. Alipofika nilikuwa kwenye ya thelathini na moja. Alisimama mlangoni mikono mifukoni.

"Mwalimu, acha. Unanitisha tu."

"Ya thelathini na mbili," nikasema. "'Abide'."

Alijua sitishi. Alikaa darasani kwangu miaka mitatu. Anajua nikianza huwa namaliza. Na anajua mtamboni tunatakiwa mwezi ujao. Lakini hakusogea, na mimi sikuacha. Nilikuwa tayari kufika Z. Naandika hivi ili nisijidanganye baadaye kwamba ulikuwa mchezo.

Nilipokuwa kwenye ya arobaini nikasikia viatu vinapanda ngazi mbio. Padri. Nadhani kelele zilimfikia akiwa chini kwa mpanga kurasa. Alisukuma watu, akanishika kifundo cha mkono, yeye ambaye hajawahi kumgusa mtu hata kwa salamu.

"Shangazi, hapana! Hizi ni sahihi. Nilizipitia mimi zote, moja moja. Hizi ni sahihi!"

"Niachie mkono, Padri. Nakupigania wewe."

"Usinipiganie na kadi sahihi! Niache niende. Nitapata kazi nyingine, nitafundisha watoto hesabu, nitauza sabuni. Lakini usifute kitu kilicho sahihi. Nakuomba." Alikuwa analia waziwazi, kamasi na yote, mtu mzima mbele ya watu saba. "Mtu mwingine atakuja aanze upya, na hatakuwa na wewe wa kumwuliza."

Nikamtazama Mkurugenzi. Yeye hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama mtu niliyemdhalilisha Machi, ambaye yeye mwenyewe alimtupa stoo, akizililia kadi zangu zaidi ya nilivyozililia mimi.

Alitoka. Tukasikia ufunguo, kisha mlango wa chuma. Akarudi na kadi moja, akaiweka mbele yangu, akaenda dirishani akatupa mgongo.

Nikaisoma kwa sauti yote, pamoja na sentensi ya kisima. Ilikuwa sentensi nzuri, bado. Nikauliza kama kuna anayepinga ifutwe. Hakuna aliyejibu. Nikapiga mstari. Halafu nikamsogezea Padri kadi mpya tupu.

"Andika wewe," nikamwambia. "Na herufi za jina lako pembeni."

Ijumaa, 24 Mei

Arobaini nilizozifuta nazinakili upya. Adhabu ya haki.

Ijumaa, 31 Mei

Jua. Mkurugenzi alifika na bahasha mbili. Ya kwanza ameiweka mezani kwa Padri: mkataba, miaka mitatu, kiti chake, na safari hii ana kura. Padri aliusoma mkataba wote, kila kifungu, akaonyesha palipokosewa tarehe, kisha akatia sahihi.

Ya pili ilikuwa yangu. Jina langu limeondolewa kwenye ukurasa wa mbele wa kamusi. Nitatajwa ndani, kwa herufi ndogo, kati ya waliochangia. Karatasi za ukutani zenye picha yangu zitabaki mpaka zibanduke zenyewe, kwa kuwa, imeandikwa, ofisi haina mpango wa kuzitolea maelezo.

Nimesoma, nikakunja, nikatia mkobani.

Alikuwa bado amesimama pale. Macho mekundu, nadhani hakulala. Mkono umekwenda nyuma ya sikio bila yeye kujua.

"Mwalimu," akasema, sauti ya mwanafunzi kabisa, "mimi sitakusamehe."

"Usinisamehe," nikamwambia. "Chapa."